Gari Limelala Muhutwe

Mwalimu Hellen Kyaruzi alikuwa na sheria moja tu kwa dereva wake, na hakuwa tayari kuijadili na mtu: dereva halali nje ya gari. Ale anapotaka, asali anapotaka, apige soga na amtakaye, lakini usingizi wake aulalie ndani, milango imefungwa, mzigo uko nyuma ya mgongo wake.

Sheria hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka mmoja nyuma, dereva wake wa kwanza, mwanamume wa maneno mengi, aliliegesha lile Fuso kwenye uwanja wa malori pale Muleba, ule ambao madereva huuita paking, akavuka barabara akajilaza gesti kama bwana harusi. Asubuhi alilikuta limesimama juu ya mawe. Matairi ya nyuma hayapo, betri haipo, dizeli imenyonywa mpaka tone la mwisho, na mlinzi wa uwanja anaapa kwa Mungu na kwa mama yake kwamba hakusikia hata panya. Fuso lile ndilo lililokuwa kiinua mgongo cha Mwalimu. Alikuwa amefundisha Kiswahili maisha yake yote, na sasa maisha yake yote yalikuwa juu ya mawe kando ya barabara. Alimfukuza yule dereva siku ileile, kisha akatunga sheria.

Aliyemchukua baada ya hapo ni Najibu, na hapo hakuna aliyemlaumu. Najibu alikuwa mtoto wa Mwamvita, jirani yake wa Hamugembe, na ua uliotenganisha nyumba zao ulikuwa na pengo ambalo hakuna aliyewahi kufikiria kuliziba. Babu wa Mwamvita alikuja Bukoba kutoka pwani na biashara ya ngozi, akaoa hapa, akazikwa hapa. Mwamvita mwenyewe alikisema Kihaya vizuri kuliko Wahaya wengine wa mjini. Idi, sahani zilipita kwenye pengo kwenda kwa Mwalimu, Krismasi, zilirudi. Mtaa mzima ulimwita Hellen Mwalimu, isipokuwa Mwamvita, aliyemwita Mama Kemi kwa jina la binti yake Kemilembe, aliyeko Dodoma. Najibu alifundishwa kusoma kwenye baraza ya Mwalimu, na ada ya leseni yake ya udereva ilitoka kwa Mwalimu. Kijana mkimya, hanywi, havuti, hajibizani. Mwalimu akisema simama, yeye husimama hata kama kuna mvua.

Sasa, ule uwanja wa Muleba nao ulikuwa na sheria yake. Mwanzoni mwa masika dereva mmoja mgeni alifika pale akafunga vioo vyote, kwa kuogopa wezi wanaosemekana kupuliza dawa ya usingizi kwenye upenyo wa dirisha. Na kwa kuwa mvua ilikuwa imeleta baridi, akaingiza jiko la mkaa ndani, miguuni pake. Hakuna mwizi aliyempulizia. Alijipulizia mwenyewe. Walimkuta asubuhi ameegemea usukani, sufuria ya chai imekaukia jikoni. Wenye uwanja hawakutaka maiti nyingine, basi wakaandika ubaoni kwa rangi nyekundu: NI MARUFUKU KULALA NDANI YA GARI. Mlinzi wao, Privatus, wakampa rungu la kugongea milango.

Kwa hiyo sheria mbili zilikutana Muleba. Moja inasema usilale nje ya gari, nyingine inasema usilale ndani. Zote zilitungwa na watu wenye nia njema, na kila moja ilikuwa na kidonda chake kilichoizaa. Aliyebaki katikati ni dereva, na dereva naye ni mtu, ana macho mawili tu kama sisi.

Simu ya kwanza ilikuja asubuhi, Mwalimu yuko nyuma ya nyumba anamenya ebitoke vya mchana. Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu ya utomvu wa ndizi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Najibu. Umefika wapi?"

"Niko Muleba, kwenye paking. Naomba nilale kidogo."

"Si ulale? Nani amekuzuia?"

"Mlinzi. Nikifumba macho tu ananigongea mlango. Anasema ndani ya gari hairuhusiwi siku hizi, anayetaka kulala aende gesti." Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yanatoka moja moja. "Kule kiwandani tumekaa foleni ya saruji bila kulala, Mwalimu, halafu nimeendesha usiku kucha. Utingo nimemwacha Geita, amefiwa. Niko peke yangu. Nipe saa moja tu ya gesti. Privatus ataliangalia gari."

"Privatus ndiye aliyekuwa akiliangalia mwaka jana."

Upande wa pili wa simu Mwalimu alisikia rungu likigonga bati, na sauti ya mtu ikisema ondoa gari, bwana, au nenda ng'ambo ukalale kama watu.

"Nimechoka kweli, Mwalimu," Najibu akasema. "Nisamehe."

Katika miezi yote aliyoendesha lile gari hakuwahi kutamka kwamba amechoka. Mwalimu aliweka kisu chini. Tusimwonee, hakuwa mwanamke wa roho mbaya, na kama angemwona kijana yule kwa macho, na midomo yake ilivyokauka, pengine angeisahau sheria yake na matairi yake. Lakini hakumwona. Aliona Fuso juu ya mawe. Aliona mifuko ya saruji ya watu ikipungua mmoja mmoja. Akafikiri haraka, na akapata jambo aliloliona la busara.

"Sikiliza. Sogea mpaka Muhutwe. Ni nusu saa, na hata kwa mzigo huo haitazidi sana. Nimefundisha pale, wananijua. Ukifika kanisani mwambie mtunza uwanja umetumwa na Mwalimu Kyaruzi. Ingiza gari, funga milango, lala mpaka uchoke kulala. Hakuna atakayekugongea."

"Nusu saa," Najibu akasema, kama mtu anayepima kamba kwa jicho.

"Tafuna kahawa. Imba. Utafika."

"Sawa, Mwalimu."

Akarudi kwenye ndizi zake, na kwa kweli alijisikia vizuri. Alikuwa amelilinda gari na amemtafutia mtoto pa kulala. Ni watu wachache wanaopata vyote viwili kwa simu moja.

Simu ya pili ilikuja sufuria ikiwa jikoni. Namba hakuijua.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Kagaruki hapa, wa Muhutwe. Ulinifundisha."

Kina Kagaruki aliowafundisha ni wengi, lakini sauti hii ilikuwa ya mtu mzima anayehema. Huyu alikuwa mwendesha bodaboda sasa, ana mke na watoto, na bado aliposikia ile "marahaba" ya Mwalimu ulimi wake ulisimama wima. Enzi za Mwalimu pale shuleni Kihaya kilikuwa marufuku. Aliyekutwa akikisema alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake, na Kagaruki alikivaa kibao kile mara nyingi kuliko sare. Kwa mtu mwingine yeyote wa Muhutwe angelisema habari yake kwa Kihaya, kwa maneno mawili, na siku ile ingekwenda vingine kabisa. Lakini huyu alikuwa Mwalimu. Alichagua Kiswahili, akakichagua kwa uangalifu.

"Mwalimu, gari imelala."

"Limelala," Mwalimu akasema, bila kufikiri, kama mtu anavyoua mbu. Aliwahi kumsahihisha mchungaji katikati ya mahubiri ya Pasaka, itakuwa Kagaruki? "Gari limelala."

"Ndiyo, Mwalimu. Limelala. Hapa kanisani, upande wa chini."

Kifua cha Mwalimu kilifunguka. Amefika. Mtoto amefika, na amelala alipoambiwa alale.

"Na dereva?"

"Yumo ndani. Hajatoka."

"Vizuri. Sasa nisikilize, Kagaruki. Mwacheni apumzike. Huyo amechoka sana. Wazuie watu wasimsumbue, hata kama wana nia njema."

Nyuma ya Kagaruki zilisikika sauti za watu wengi, na mwanamke mmoja akiita mtu kwa mbali. Mwalimu alidhani ni siku ya gulio.

"Tusimguse, Mwalimu?"

"Msimguse. Akiinuka anipigie mwenyewe. Mengine niachie mimi."

"Sawa, Mwalimu. Asante, Mwalimu."

Akakata simu akiwa ametabasamu. Alipenda watu wazima waliobaki na adabu ya shule.

Alipita kwenye pengo la ua akamkuta Mwamvita anachambua mchele kwenye ungo. "Mama Najibu," akamwambia, "mwanao amelala Muhutwe. Kanisani. Amechoka, lakini amelala."

"Alhamdulillahi," Mwamvita akasema. "Nilikuwa nimekaa kama nimekalia miiba tangu alfajiri. Bado kidogo nikupigie hodi." Akacheka kidogo. "Mwanangu mimi, na jina lake hilo, analala kanisani. Babu yake angesemaje?"

"Angesema usingizi hauna dini."

Wakacheka wote wawili. Mwalimu alileta ebitoke vyake, Mwamvita akatoa sato aliyemnunua asubuhi kwa wavuvi wa kisiwa cha Bumbire, na kwa kuwa kijana angefika jioni na njaa ya siku mbili, walikubaliana wapike chungu kimoja. Walipika taratibu. Mwamvita alizungumza habari za binti mmoja wa Kashai, Mastura, ambaye Najibu alikuwa amemtaja mara mbili kwa wiki moja, jambo ambalo kwa mtu mkimya kama yeye ni sawa na kupeleka posa.

Jua lilipokuwa utosini Mwamvita alichukua simu yake. "Nimpigie nimsikie tu sauti."

"Utamwamsha, Mama Najibu. Mwache mtoto alale."

Akairudisha simu. Baada ya swala ya adhuhuri akaichukua tena, akaitazama, na Mwalimu akatikisa kichwa polepole, kwa upendo kabisa, kama anavyozuiwa mtu asimtoe mtoto mchanga kitandani. Mwamvita akaiweka chini ya mkeka. Alikuwa mama, na moyo wa mama haudanganyiki kirahisi, lakini katika miaka yote thelathini ya ujirani wao hakuwahi kuliona neno la Mama Kemi likimletea hasara.

Alasiri ilipita. Samaki alikuwa ameiva na kupoa. Mwamvita alisimama ghafla, akasema, "Amelala kutosha," akapiga simu ya mwanawe bila kumtazama mtu. Iliita kwa muda mrefu. Aliyepokea hakuwa Najibu. Mwalimu alimsikia Mwamvita akijitambulisha kwa Kihaya, kwamba yeye ni mama wa mwenye simu hiyo, kisha akasikiliza. Mkono wake wa pili uliteremka ukashika ukingo wa meza.

"Motoka yagwa?" Mwamvita akauliza. Gari limeanguka?

Hapo ndipo Mwalimu alipoisikia sentensi ya Kagaruki kwa mara ya kwanza. Gari lililoegeshwa likapumzika limelala, na gari lililopinduka likalalia ubavu nalo limelala. Kiswahili kinalitumia neno lilelile, na mtu wa barabarani haelezwi lipi ni lipi, analijua kwa sauti ya anayelisema. Alikuwa akilifundisha somo hilo kila mwaka, maneno yenye maana zaidi ya moja: kaa, paa, mbuzi. Kulala hakuwahi kukuandika ubaoni. Na siku neno hilo lilipomfikia limevaa maana ile mbaya, yeye alikuwa ameshughulika na herufi yake ya kwanza.

Walikodi teksi. Dereva alikimbiza gari kupita Kyetema na Kemondo, ziwa likionekana na kupotea upande wa kushoto, na Mwamvita alikuwa anasoma dua kwa midomo tu. Aliyepokea simu hakumwambia kama mwanawe yu hai, na Mwamvita hakuuliza. Baada ya Kemondo Mwalimu alishindwa kunyamaza. Alisema alipigiwa simu asubuhi. Alisema aliambiwa gari limelala akadhani limelala, akawaambia wamwache apumzike, wasimguse. Alisema yote hayo akitazama magoti yake.

Wakapita kilima kizima. Kisha Mwamvita akauchukua mkono wa Mwalimu, akauweka juu ya paja lake, akaufunika kwa mkono wake.

"Hata mimi nilisema alhamdulillahi," akasema. "Ungejuaje? Hata mimi nilipika. Usijitafune, Mama Kemi. Tumwombe Mungu tumkute."

Ungedhani mtu akisamehewa namna hiyo angeshusha pumzi. Kwa Mwalimu haikuwa hivyo, kwa sababu alikuwa amesema nusu. Simu ya pili ameieleza. Ya kwanza bado alikuwa nayo, na kila kona ya barabara ilikuwa inamsogeza karibu na mahali ambapo ingebidi aiseme au aimeze.

Hawakumkuta hai. Fuso lilikuwa limelala ubavu kwenye migomba chini ya kona ya kanisa, hatua chache tu kabla ya njia ya kuingilia uwanjani. Mifuko ya saruji ilikuwa imepasuka, majani ya migomba yamegeuka kijivu. Winchi ilikuwa imefika na askari wa usalama barabarani, imeinua kichwa cha gari, na Najibu alikuwa amelazwa pembeni juu ya mkeka, amefunikwa khanga ya mwanamke asiyemjua.

Mwamvita alipiga magoti, akafunua uso, akaupangusa saruji kwa upindo wa baibui lake. Akasema yale yanayosemwa na Waislamu wanapofikwa na msiba. Alilia bila sauti kwa muda mrefu, na wanawake wa Muhutwe wakaketi kumzunguka.

Kagaruki alisimama mbele ya Mwalimu, matope mpaka kwenye viwiko. Hakukaa hata alipoambiwa akae. Alieleza kwa Kiswahili, na mara hii Mwalimu hakusikia kosa lolote. Gari lilipoanguka walikimbia wakamkuta dereva yu hai, anaongea, mguu na nyonga vimebanwa chini ya mlango. Wakaleta majembe wakaanza kuchimba ardhi chini yake, na wengine wakamvuta mabegani. Alipiga kelele, wakaogopa. Ndipo alipowapa namba ya mwenye gari.

"Ukasema tusimguse," Kagaruki akasema. "Nikawaambia wenzangu, Mwalimu amesema majeruhi asiguswe, mengine anashughulikia yeye. Wakaweka majembe chini. Hata tumesomeshwa hivyo, kwamba mtu aliyevunjika usimvute, subiri wenye kujua. Tukasubiri, Mwalimu. Kila gari likitokea upande wa Bukoba tunasimama tunasema ndio hao. Damu ilikuwa inatoka polepole, hatukuiona, ilikuwa inaingia kwenye saruji."

"Kwa nini hukunipigia tena?" Mwalimu akauliza.

Kagaruki alitazama chini. "Ulisema nikuachie."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walimu hupenda kusema. Najibu alilisikia la mkuu tangu akiwa na meno ya utoto. Kagaruki naye alilisikia, na kijiji kizima kililisikia. Labda wahenga hawakufikiria kwamba mkuu naye anaweza kusikia vibaya.

"Aliongea?" Mwamvita aliuliza. Alikuwa ameinuka, amekuja akakaa kando ya Mwalimu kwenye mfuko wa saruji uliobaki mzima, na ameuchukua tena mkono wake. "Mwanangu alisema nini?"

"Aliomba maji, tukampa. Alikuita wewe, mama. Halafu akaniuliza, Mwalimu amesemaje? Nikamwambia, amesema upumzike." Kagaruki alisita. "Akacheka. Mtu amebanwa vile, akacheka. Akasema, leo ndiyo ananiruhusu. Baada ya hapo hakusema tena mengi. Alipotutoka, adhuhuri ilikuwa imepita kidogo."

"Kumruhusu nini?" Mwamvita akauliza.

Kagaruki hakujua, na anayejua alikuwa ametazama migomba.

Askari alikuja, kijana mwenye adabu, amevua kofia. Alimpa pole mama, akampa pole mwenye gari. Akasema ameikagua barabara na hakuna alama hata moja ya breki, gari limekwenda moja kwa moja kama linajua njia, na kona ikakataa. "Dereva alisinzia," akasema. "Hakuna jingine. Tunawaambia kila siku, ukichoka simama, pumzika. Hawasikii. Ni uzembe tu wa dereva, na sisi tutaeleza hivyo hivyo."

"Mwanangu si mzembe, afande," Mwamvita akasema.

"Sisemi kwa ubaya, mama."

"Najua. Lakini si mzembe. Usingizi ukimshika huwa anasimama, hata nyumbani akichoka hashiki baiskeli. Asingeendesha amesinzia kwa kutaka kwake." Aliugeukia uso wa rafiki yake. "Mama Kemi, wewe ndiye unayemjua kazini. Mwambie."

Mwalimu aliutazama mkono wa Mwamvita juu ya wake. Ungekuwa mwepesi sana ule uongo, tena usingehitaji hata kusemwa. Angeinamisha kichwa tu, na askari angeondoka na uzembe wake wa dereva, na Najibu, ambaye hakuwahi kujibizana na mtu, asingejibizana na hilo pia. Kemilembe yuko Dodoma. Mume amelala kaburini, kibanjani kwao, zaidi ya miaka kumi. Jioni zake zote zilizobaki duniani zilikuwa za kupita kwenye lile pengo na kukaa na mwanamke huyu. Alijua vizuri anachokwenda kukipoteza, alikiona kizima, na alitamani kukibakiza kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, hata lile gari.

"Alisimama, afande," akasema. "Alisimama Muleba. Alinipigia simu akaomba kulala, saa moja tu. Akaniambia amechoka. Uwanja haukumruhusu kulala ndani ya gari, na mimi sikumruhusu kulala nje. Nikamwambia aendeshe."

Askari alibaki ameshika kofia yake. "Kwa nini, Mwalimu?"

"Gari lisiibiwe matairi."

Mwamvita hakupiga kelele. Alitazama mbele, na midomo yake ikarudia maneno ya mwanawe polepole, leo ndiyo ananiruhusu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa mwandiko mbaya na sasa kimesomeka. Kisha akautoa mkono wake. Hakuutupa, hakuusukuma, aliutoa tu, akaliweka sawa baibui lake, akasimama.

Miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kumwita jina jingine ila Mama Kemi, hata siku walipogombana kwa ajili ya mbuzi.

"Mwenye gari," akasema, "nitafutie usafiri nimpeleke mwanangu nyumbani."